Mkwe Kando ya Mfereji

Mkwe wangu Léon, mwalimu kutoka Kasaï, alitamani kuuona msitu wa mlimani juu ya Bulengera. Tukafuata mfereji mwembamba kuelekea kisiwa cha mtoni unakoanzia, huko msituni, maji kushoto, korongo kulia.

Penye kona tulikutana ghafla na mke wangu Katungu, akirudi na kuni. Kwao Léon, mwanaume hakutani na mama mkwe uso kwa uso. Akapiga kelele, akaruka korongoni!

Nilichungulia chini. Alikuwa ananing'inia kwenye mzizi, na magoti yangu ya uzee yalikataa kupinda. Katungu alitupa kuni, akalala kifudifudi, akamnyooshea mkono.

"Hapana, mama! Ni mwiko!"

"Mwiko? Mutoto yangu iko na mimba, na we unataka kumuachia mwiko? Leta mukono, mwalimu!"

Mzizi ukalia. Léon alifunga macho, akaushika mkono, Katungu akamvuta mpaka juu. Akasimama, macho bado yamefungwa, akapiga hatua moja, akatumbukia mferejini.

Katungu akanigeukia, jasho likimtoka. "Papa Mathe, huyu ataona mutoto wake namna gani?"