Bafta ya Kochi la Tatu

Bi Mwanakheir, fundi wa cherehani wa Kikwajuni, alifika Vuga saa nne asubuhi kupima makochi manne ya Bwana Machano, mkubwa wa serikalini, yavishwe vitambaa kabla ya wageni wa Ijumaa. Makochi hayo yaliletwa mwaka sitini na nne kutoka nyumba ambazo wenyewe hawakuwapo kuulizwa. Sasa ni mwaka wa sabini, na madukani hakuna kitambaa cha maua. Ilipatikana bafta tu, ile ile ya sanda, basi ikanunuliwa bafta.

Kochi la tatu lilikuwa na mtu. Hakuonekana, lakini mto ulibonyea na ulikuwa na joto.

"Hilo ndilo linalotutaabisha," alisema Bi Time, mke wa Machano. "Kila kitambaa kinamchora. Tufichie, fundi."

Bi Mwanakheir akapima. Bega la kushoto lilikuwa chini ya la kulia kwa vidole viwili. Alilishonea kanzu bega hilo miaka tisa, hakuhitaji kuambiwa la nani. Mumewe, Mabrouk, alichukuliwa nyumbani siku ya tatu ya Mapinduzi, na tangu hapo hapana aliyemwambia wazi yu hai au kafa. Bila ya neno hilo hawezi kukaa eda. Miaka sita si mke, si mjane, na hilo lilimuuma kuliko upweke wenyewe. Utepe ulipopita mgongoni, kidole chake kikaingia kwenye tundu la upana wa risasi.

Machano alikuwa amesimama mlangoni.

"Bwana Machano," alisema bila kugeuka, "huyu kafa lini?"

"Nani?"

"Mabrouk."

"Mumeo kasafiri, Bi Mwanakheir. Nshakwambia zamani. Wewe shona."

Kochi likalia. Machano akarudi nyuma hatua moja, akatazama saa yake.

Bi Mwanakheir hakushona. Aliichana bafta kwa mikono vipande vitatu, akamfunika kimoja juu ya kimoja, akafunga kwa vitambaa vyembamba vya bafta hiyo hiyo, midomo ikimcheza kwa dua. Mto ukapoa. Bi Time akasema hapo ndipo, sasa limekaa sawa. Yale mengine matatu aliyamaliza kwa cherehani siku ya pili, akarudi kwake, akavaa nguo za eda.

Jumamosi Bi Time akapiga hodi Kikwajuni.

"Karibu kitako."

Hakukaa. Alisema mgeni mkubwa alipewa kochi la tatu, akainuka na suruali imelowa damu. Bafta inataka kuoshwa, na yeye hathubutu kuigusa.

"Mimi nimo edani, Bi Time. Sitoki."

"Naona." Bi Time alitazama chini, na kusema kweli alikuwa na haya. "Lakini Bwana kasema, kama unakaa eda, basi uende kituoni ukaandikishe nani aliyekwambia kuwa kafa."

Bi Mwanakheir alifikiri. Hakuwa na jina la kutoa ila la Mabrouk mwenyewe. Aliingia ndani, akavua zile nguo, akatoka na kipande cha sabuni, wakafuatana.