Nafasi Baada ya Jina

Kazi yangu ni kuita watu nusu. Nikisema "Namba tisa, Bagas…" nanyamaza, na uwanja mzima wa Wonosekar unamalizia "Winarno!" mpaka mabati ya jukwaa kuu yanatetema. Wenye jina moja, ambao kwetu Java ni wengi, nawakata katikati: mimi nasema "Sutar…", watu wanamalizia "…no!" Nimeifanya kazi hii miaka ishirini na sita, ndani ya kibanda cha mbao juu ya jukwaa kuu, vidato sitini na viwili toka chini, na magoti yangu yanakijua kila kimoja. Klabu ni Persekar. Mimi ni Tukijan, jina moja tu, na hakuna aliyewahi kulikata, kwa sababu mtangazaji hajitangazi.

Msimu huu ulianza vibaya na ukazidi kuharibika. Mke wangu, Mintarsih, alifariki wiki mbili kabla ya mechi ya kwanza. Nyumbani nikawa naita kwa mazoea, "Min, chai iko wapi?", nangoja lile "abee" lake toka jikoni, halafu ndiyo nakumbuka. Basi nikawa naishi kwa kungoja Jumamosi. Jumamosi nikiita, watu elfu kumi na mbili wananiitikia. Sikuwa na kingine, nasema kweli.

Mechi ya sita kipa wetu akapigwa tobo. Lintang Pamungkas, kijana wa miaka ishirini na mbili toka Pacitan, mpole, hazungumzi sana. Mpira wenyewe ulikuwa umechoka, unajikongoja kwenye nyasi, hata mimi na magoti haya ningeudaka. Tukafungwa moja bila na majirani zetu, watu ambao wakikufunga huwezi kukatiza sokoni wiki nzima. Mechi iliyofuata pale nyumbani, mashabiki walikuwa wameshakubaliana. Nilipoita "Namba thelathini na moja, Lintang…" hakuna aliyeitika. Hata mmoja.

Mtangazaji mwenye adabu angelimalizia mwenyewe harakaharaka na kusonga mbele. Mimi nilingoja. Nafasi ninayoacha siku zote ni sekunde tatu. Siku ile nikaiacha maiki wazi, nikatazama saa ya ukutani, nikahesabu tisa. Kijana amesimama mstarini na wenzake, mikono nyuma, watu elfu kumi na mbili wamemnyamazia. Ndipo nikasema "Pamungkas", kwa sauti ya mtu anayetaja dawa ya minyoo. Uwanja ukacheka.

Kwa nini? Nilikuwa na hasira, ndiyo sababu, na sina nyingine nzuri zaidi. Mke sina, na sasa yule mtoto ananipotezea na timu. Nikarudia mechi nne. Asubuhi moja sokoni mama muuza pecel, mboga za mchuzi wa karanga, akaniongezea vipande viwili vya tempe ya soya, akaniambia, "Pak Tukijan, mzee wangu, jana umemkomesha yule!" Nikacheka naye, nikala. Zilikuwa tamu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mechi ya ishirini, tukiwa tunafungwa tatu, mashabiki wetu wakawasha mienge ya moshi na kuirusha uwanjani hadi goli la kusini likapotea kabisa. Ligi ikatoa adhabu: mechi zote za nyumbani zilizobaki, bila watazamaji.

Kanuni zikaendelea kutaka vikosi visomwe. Nikapanda vidato vyangu, nikaketi, nikawasha mitambo. Chini yangu viti vitupu, njiwa wanatembea juu yake kama vyao. "Namba moja…" Hapana, nilianza na tisa, kipenzi cha watu. "Bagas…" Nikangoja. Njiwa wakaruka. "Winarno," nikasema mwenyewe, na spika zikanirudishia toka upande wa pili kwa kuchelewa kidogo. Nikaendelea hivyo hivyo, jina kwa jina, na kila jina nikaliachia nafasi yake.

Kamisaa wa mechi, Pak Rustandi, mtu wa Bandung mwenye faili kwapani, alipanda mpaka kibandani akihema.

"Pak Tukijan, unamsubiri nani?"

"Mazoea, Pak."

"Mechi inaanza saa tisa na nusu. Siyo saa tisa na nusu na mazoea yako."

"Nimekusikia, Pak."

"Hakuna mtu kule, unaona lakini? Au nikuletee miwani?"

Nilijaribu. Wallahi nilijaribu. Mechi iliyofuata niliyashika majina kwa pumzi moja kama mtu anayekimbia mvua, lakini kufika la tatu nikajikuta nimenyamaza tena. Ulimi uliozoea kuachia watu nafasi haufundishiki uzeeni. Nami nikiwa katika kunyamaza huko ndipo nikaona kitu. Wachezaji wengine kila walipoitwa waligeuza shingo kulitazama jukwaa la mashariki, la mashabiki, kama mtu aliyebisha hodi na hakufunguliwa. Lintang peke yake hakugeuka. Alitazama nyasi. Alikwishazoea.

Kuanzia hapo sikulala vizuri. Nyumbani naita jikoni hakuna jibu, uwanjani naita hakuna jibu, na nilijua kabisa kimya kile kina uzito gani na kwamba nilimtwisha mtoto wa watu kwa makusudi.

Idi ikaja ligi ikiwa imesimama. Klabuni tukapanga mstari kama kila mwaka, viongozi, wachezaji, wafanyakazi, tunapeana mikono na kuombana radhi kwa maneno yale yale ya siku zote, makosa ya nje na ya moyoni. Nikamfikia Lintang. "Naniwie radhi, makosa ya nje na ya moyoni." "Nami vilevile, Pak." Mkono wake ukaondoka ukaenda kwa mwingine. Tukala ketupat, wali wa Idi uliofungwa kwa majani. Uzuri wa maneno yale ni kwamba yanafunika kila kosa, na ubaya wake ni huohuo. Sikuwa nimemwambia chochote.

Ilipofika mechi ya mwisho ya nyumbani tulikuwa wa tatu toka mkiani. Tukishinda, tunabaki Ligi Kuu. Tusiposhinda tunashuka, na kila mtu mjini alijua kinachofuata: tajiri mmoja wa Kalimantan alikuwa tayari kuinunua leseni ya klabu na kuihamishia kwao, jina na kila kitu. Yaani hakutakuwa na Jumamosi tena. Na Lintang angeondoka na kosa langu mfukoni. Hilo la pili ndilo lililonishusha vidato sitini na viwili, saa mbili kabla ya mechi.

Nilimkuta peke yake, ameketi chini ya mlingoti wa goli la kusini, glavu pembeni, anakula ndizi.

"Pak! Umeshuka mpaka huku? Kuna moto?"

"Hakuna moto, Mas, kijana wangu. Nimekuja kukuomba radhi."

"Si uliniomba Idi?"

"Ya Idi nilimwomba kila mtu, mpaka fundi wa jenereta. Hii ni yako. Watu walipokunyamazia, mimi ndiye niliyekirefusha kile kimya. Sekunde tisa. Nilihesabu."

Akakunja ganda la ndizi, akaliweka vizuri kando ya glavu.

"Ya kwanza ilikuwa tisa," akasema. "Ya tatu ilikuwa kumi na moja. Mimi pia nilihesabu."

Nikachuchumaa mbele yake, magoti yakilia.

"Hiyo ya kumi na moja, mama alikuja. Basi toka Pacitan, saa sita njiani. Alikaa mashariki. Jioni ananiuliza, 'Mwanangu, hivi kwa nini nilishindwa kuitika?' Alitaka, Pak. Mdomo aliufungua. Lakini watu wote wamemzunguka kimya, akaogopa. Hajaja tena tangu siku ile. Anasema ananionea haya."



"Umenisamehe?" nikauliza kama mtoto.

"Sijui, Pak. Nisikudanganye." Akaanza kuvaa glavu. "Ila leo lisome jina langu lote. Kwa pumzi moja. Nafasi usiniachie."

Nikamwambia sawa. Nikapanda. Saa tisa na dakika ishirini nikawaita wote, na kila mmoja nikamwachia sekunde zake tatu, Pak Rustandi akinikodolea macho toka chini. Nilipofika thelathini na moja nikasema "Lintang Pamungkas" bila hata mkato, na kwa mara ya kwanza msimu mzima akainua uso kukitazama kibanda.

Tulipata goli mapema, wakasawazisha kabla ya mapumziko. Dakika ya themanini wakapewa penalti. Lintang akaruka kushoto, na lile kofi la mpira kwenye glavu nililisikia kule juu waziwazi, kama mtu kapiga mlango. Siku nyingine uwanja ungelipuka. Siku ile walipiga makofi watu wa benchi tu, halafu ikawa kona. Tulishambulia hadi mwisho, Bagas akagonga mwamba, refa akapuliza. Sare, moja kwa moja. Tumeshuka.

Kanuni zinataka pia tangazo la mwisho. Nikaviomba viti vitupu vitoke kwa utaratibu kupitia milango ya mashariki na magharibi, visisahau mizigo yao.  Kisha nikakaa nikitazama wafanyakazi wakishusha nyavu. Sikutaka kwenda nyumbani. Nilikuwa namwogopa huyo nitakayemwita jikoni.

Nikasikia vidato. Si Pak Rustandi. Huyu alipanda viwili viwili. Lintang aliingia na jezi yake yenye matope, kibanda kikajaa harufu ya nyasi na jasho.

"Bado hujazima?"

"Bado."

"Nipe maiki."

Nikampa. Akabonyeza, spika zikavuma, akakohoa, na kikohozi chake kikazunguka uwanja mzima.

"Mabibi na mabwana," aliviambia viti. "Kwenye maiki, miaka ishirini na sita. Tuki…"

Akanyamaza.

Miaka yote ile sikuwahi kukaa upande ule wa anayeitwa. Tatu. Nilidhani ataishia tatu. Macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani, si kwangu. Tano. Sita. Kule mashariki hakuna aliyekuwepo wa kunimalizia, wala nyumbani. Nikashika ukingo wa meza. Tisa. Hakusema. Nikajua anakwenda hadi wapi, na nikajua ni haki yake, na machozi yakanitoka mbele ya mtoto yule bila hata kuyafuta.

Kumi na moja.

"…jan!" akapaza sauti, kwa nguvu zake zote, mpaka mabati yakatetema.

"Naam," nikaitika.