Blanketi la Mama Atuganile

Tulitoka Chapwa, Tunduma, saa nne asubuhi, jua likiwaka hadi Amri akavua koti. Amri ni jirani yangu, msafirishaji, na pikapu ile ni yake. Mimi nilikaa pembeni yake nimepakata blanketi la mama.

Lilikuwa zito, la kahawia, lenye maua mekundu kwenye pindo. Katika ukoo wetu mtoto wa kwanza ndiye anayemfunika mzazi mara ya mwisho. Jeneza likishateremshwa kaburini, unatandika blanketi juu yake kwa mikono yako, ndipo udongo unarudishwa. Asipofunikwa hivyo, wazee husema ameondoka na baridi. Na mama yangu Atuganile aliiogopa baridi kuliko njaa. Miaka mitatu mfululizo alikuwa akinipigia: "Feri, lini utaniletea blanketi la Tunduma?" Nami namjibu, mwezi ujao, mama. Jamani, ninauza mablanketi. Duka zima limejaa mablanketi, na mama yangu amekufa akijifunika vitenge viwili.

Kwa hiyo siku ile nilikuwa na jambo moja tu duniani, kufika kabla ya saa tisa. Mdogo wangu Boazi aliniambia maziko ni saa tisa, pale pale nyumbani, nyuma ya migomba.

Aprili ya milima ya Ileje haina adabu. Tulipoiacha lami mvua ilitupiga, baada ya dakika kumi jua likatoka, kisha mawe ya barafu yakagonga bodi, kisha jua tena. Kwenye kona ya juu mawingu yakafunguka. Mto Songwe ukaonekana chini kabisa, na ng'ambo yake milima ya Malawi, kijani juu ya kijani. Amri akasimamisha gari bila kuniuliza.

"Subhanallah! Dada Ferista, umetoka pazuri hivi ukaja kukaa kwenye vumbi letu?"

"Endesha gari, Amri."

Nilimkasirikia kwa sababu palikuwa pazuri kweli. Kwenye kona hiyo hiyo mama alinisindikiza nilipohama, akanipungia mkono mpaka basi likapotea. Nilimwona kwenye kioo. Sikupunga, nilikuwa nimenuna kwa jambo ambalo leo hata silikumbuki.

Ilipofika saa saba ukungu ukashuka. Huoni hatua kumi mbele. Mvua nayo ikarudi, nyembamba na baridi. Amri akawa anatambaa, mimi namhimiza, mara akakanyaga breki na kuzima injini.

"Kuna msiba unapita," akasema.

Nikasikia wakiimba, wimbo ule ule unaoimbwa kwenye kila msiba wa huku. Nikajifunika uso kwa kitenge. Bibi alitukataza: ukiwa na msiba wako usitazame jeneza la wenzako.

"Si uwapigie honi wasogee? Tutachelewa."

"Siwezi kumpigia maiti honi, dada. Tusubiri."

Tukasubiri. Nilisikia viatu vikipita kwenye matope kandokando ya gari, vingi, polepole. Vioo vilikuwa vimeshika ukungu ndani na nje.

"Maskini, sanduku lao linalowa," Amri akasema kwa sauti ya chini, akichungulia pale alipofuta kioo. "Wamelifunika kishuka tu. Tuwape hilo blanketi. Nyumbani kwenu hatutakosa jingine."

"Blanketi hili lina mwenyewe!" nikamkaripia. "Kila mtu afunike wa kwake. Wakipita, washa gari."

Walipopita, akawasha gari.

Nyumbani tulimkuta shangazi Tukuswiga na wanawake wawili wakipakua ugali. Turubai tupu. Shangazi akanikumbatia.

"Ndaga, mwanangu, pole. Hamjakutana nao?"

"Nani?"

"Mama yako. Kaburi la hapa lilijaa maji usiku, wazee wakasema akalale shambani kwa babu yako, kule juu, ng'ambo ya barabara. Na kwa wingu hili mchungaji akasema tuwahi. Tumekupigia mpaka tumechoka, hupatikani."

Nilimtazama Amri. Naye alikuwa anatazama funguo mkononi mwake.

Tuligeuza gari, likanasa kwenye matope kabla ya kufika kwenye kilima. Nikashuka nikakimbia, blanketi kifuani, viatu nikaviacha huko huko. Amri nyuma yangu. Nilianguka mara mbili. Niliomba Mungu awape uvivu wale wachimbaji, jembe livunjike mpini, chochote.

Watu walikuwa wanateremka. Boazi alikuwa amebaki peke yake, anasawazisha tuta kwa mgongo wa jembe, maji yakimtiririka usoni.

"Dada," akasema, akaangusha jembe. "Tulikungoja mpaka kaburi likaanza kuingia maji. Ingekuwa aibu mama kuelea."

Nilitazama tuta, blanketi bado kifuani.

"Amelowa njia nzima, dada. Hilo ndilo linaniuma. Ila watu wa huku bado wana utu. Kuna pikapu moja ilizima hadi injini kutupisha. Sikuona sura zao, lakini nimewaombea."

Amri akageuka, akatazama bondeni. Hakunisema. Mpaka leo hajanisema kwa mtu, na ndiyo maana siwezi kukaa naye muda mrefu.

Nilipiga magoti, nikatandika blanketi juu ya tuta, nikachomeka kingo zake udongoni kama anavyofunikwa mtoto kitandani. Mvua ikalilowesha mara moja, maua yake yakawa meusi.

"Litaharibika bure," Boazi akasema taratibu. "Mpe shangazi, naye anaona baridi."

Nilitaka kumjibu kwamba lina mwenyewe. Lakini maneno yale nilikuwa nimeshayatumia kule kwenye ukungu, mama akipita.