Kliniki ya Wakubwa

Sharti lilikuwa moja tu: asimjibie.

"Mama yangu angejibu hata jina langu," Chiriku alikuwa amemwambia. "Ndiyo maana nimekuomba wewe, mama mkubwa. Wewe beba mkoba, kaa, sikiliza. Mdomo ni wangu."

Mama mkubwa huyo, fundi cherehani, alikubali. Hawakuwa ndugu wa damu. Undugu wao ulianzia kwenye benchi la kliniki ya watoto waliozaliwa na mgongo wazi, ambako kwa miaka kumi na saba yeye na mama yake Chiriku walikaa bega kwa bega, kila mmoja na mtoto wake. Wa kwake, kijana wa kiume, alihamishiwa kliniki ya wakubwa mwaka jana. Miezi minne hakuimaliza.

Na leo chumba kilikuwa kile kile alichoingia na mwanawe. Fundi alikitambua kwa mlango uliovimba chini, ambao kiti cha magurudumu lazima kiugonge ndipo ufunguke. Akashika mpini wa kiti kama anayesukuma, kumbe ameegemea.

"Unaniyumbisha," Chiriku alisema. "Mgonjwa ni mimi, au tumebadilishana?"

Huo ndio utani pekee aliotoa tangu asubuhi. Fundi alipompitia nyumbani, alikuta chai haijaguswa. Kwenye foleni alimwona akifumba macho na kukandamiza nyuma ya sikio, palepale mrija wa kupunguza maji kichwani unapopita chini ya ngozi. Alipomuuliza, aliambiwa ni usingizi.

Daktari alikuwa mpole, lakini mgeni. Lile faili nene la utotoni halikuja. Mezani palikuwa na karatasi mbili tu.

"Mkojo unautoaje?"

"Kwa mpira, mara nne kwa siku. Mwenyewe."

"Vidonda?"

"Sina. Najikagua kwa kioo kila siku, maana miguu yangu hainiambii kitu."

Daktari alicheka. Fundi naye alitabasamu, hadi lilipokuja swali lililofuata.

"Maumivu ya kichwa? Kutapika?"

"Hapana."

Mwanawe fundi alijibu vivyo hivyo, mbele ya meza hiyo hiyo, na mlangoni alikuwa amemnong'oneza, "Mama, mimi ni mtu mzima sasa." Siku sita baadaye hakuamka.

Kalamu ya daktari ilikuwa inakaribia mwisho wa ukurasa. Baada ya hapo ingeandikwa tarehe ya kurudi, miezi sita mbele.

"Daktari, samahani."

"Mama, nimemuuliza yeye."

"Najua. Simjibii." Akamgeukia Chiriku. "Mwenzako alisema hapana humu humu. Nilimwona anaumwa, nikanyamaza, nikajiona mzazi mwema."

"Uliahidi, mama mkubwa."

"Niliahidi."

Chiriku alitazama magoti yake. Nje mtu alikohoa, foleni ikasogea. Fundi alihesabu vigae vya sakafu ili asifungue mdomo tena.

"Si alikufa kwenye upasuaji?" binti aliuliza taratibu.

"Nani kakwambia? Hakufika huko, mwanangu. Tulichelewa."

Maneno yakamtoka Chiriku yamebanana. "Kichwa kinauma tangu Jumapili. Jana nimetapika mara mbili. Nikitazama juu, kitu kimoja nakiona viwili."

Daktari aliweka kalamu chini. Alimmulika macho, akagusa nyuma ya sikio, akapiga simu mbili akisema leo hii, si kesho. Fomu ya ridhaa ya upasuaji ilipoletwa, aliisukuma upande wa fundi kwa mazoea, akasita, akaihamishia kwa Chiriku.

"Ni yako kusaini."

Chiriku hakuwahi kusaini kitu hospitalini. Herufi zilipanda juu ya mstari.

"Watadhani kasaini kuku," alisema. Kisha, bila kuinua uso: "Nikiamka nikute umenijibia tena, mama mkubwa, nitakusema kwa mama."

"Nisemee tu. Amka kwanza."

Mhudumu alikigeuza kiti, akampeleka kwenye chumba cha kupiga picha za kichwa. Fundi alibaki ukutani, mkoba kifuani. Alitafuta namba ya mama yake Chiriku akaikosa mara mbili. Simu ilipoanza kuita, aliomba ichelewe kidogo kupokelewa, maana hakujua aanzie wapi.