Sanduku Lisilopitisha Vumbi

Mwaka wa tatu huu nalala na barakoa puani, bomba likiniunganisha na mashine inayonisukumia hewa hadi asubuhi. Mke wangu ameniita Mwenye Mkonga, na jina limeshika. Mashine hiyo nilipewa baada ya kusinzia mbele ya msumeno wa umeme karakanani na kuiacha ncha ya kidole kwenye vumbi la mbao. Daktari alinieleza kwamba nikilala koo linajifunga, pumzi inakatika, halafu mwili unashtuka na kuivuta tena, mara arobaini kwa saa, nami naamka asubuhi nimechoka kama niliyebeba magogo. Mke wangu akasema yeye kukoroma kwangu alishakuzoea zamani. Kilichokuwa kikimnyima usingizi ni kule kunyamaza.

Nilimwitikia tu, sikumwelewa. Mtu hajisikii akiwa amelala.

Kaka yangu alicheka siku tatu. Yeye ni mpima ardhi mstaafu, mtu wa miaka sitini aliyetembea na futi kamba mabonde na milima mpaka magoti yakaisha. Mashine yangu aliiita pampu ya baiskeli. Alisema ukoo wetu ni wa watu wanaolala usingizi wa pono, baba alikuwa akikoroma mabati yakitetemeka na hakuna aliyemfunga bomba. Ni kweli. Baba alikufa usingizini, usiku ambao mama alikuwa kwa dada kumwona mjukuu mchanga, na waliokuja kutuhani wote walisema mzee amepata kifo cha raha.

Sasa magoti ya kaka yalikuwa yamemwambia basi. Leseni ya bunduki yake ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi, naye alikwisha kuamua kutoihuisha. Alikuwa na kibali kimoja cha mwisho: kulungu mmoja, siku tatu. Misimu miwili iliyopita alirudi mikono mitupu, na hilo lilikuwa limemkaa rohoni. Akaniomba niende naye. Hawezi tena kunyatia mnyama, alisema, kwa hiyo tutakaa mafichoni kando ya maji, mimi niwe macho yake, yeye apige. Kaka haombi. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Mke wangu aliuliza swali moja tu: na pumzi je? Nikamwonyesha betri yenye uwezo wa kuendesha mashine usiku wa kwanza na wa pili. Kisha nikamwonyesha sanduku.

Sanduku lile, nasema bila haya, lilikuwa kazi safi. Huko porini kuna vumbi na umande, na mashine ni kitu cha kudeka. Nikachagua mbao kavu, nikapiga randa, nikachonga meno ya pembeni kwa patasi, nikayaingiza bila msumari hata mmoja. Kwenye maungio yangu hata karatasi haipiti. Wateja wanalijua hilo na wanalilipia. Nikatoboa tundu la bomba na tundu la waya, yote mawili kwa kipimo cha kubana, na ukingo wa kifuniko nikaubandika kitambaa kizito. Nililijaribu nyumbani mezani, kifuniko kikiwa wazi, kwa sababu nilitaka mke wangu aone mashine ilivyokaa vizuri ndani yake.

Usiku wa kwanza hemani nikafunga kifuniko, nikavaa mkonga wangu, nikalala. Alfajiri niliamka kichwa kinagonga, mdomo mkavu, barakoa imekaa usoni bila hata upepo wa kupuliza unyoya. Betri ilikuwa imekufa. Nililaani muuza betri, nikamlaani na babu yake.

Siku hiyo ya pili ndiyo siioni vizuri hata nikiikumbuka. Tulikaa nyuma ya matawi tuliyoyapanga, hatua sitini kutoka kwenye maji. Macho yangu yalikuwa yameingia mchanga. Nilijifinya paja, nilitafuna jani chungu, nilihesabu mawe ya ng'ambo. Kisha kaka alinipiga kiwiko, na nilipofumbua macho niliona matete yanatikisika tu. Kulungu alikuwa amekuja, amekunywa, ameondoka. Kaka alikuwa akiangalia upande wake, akiniamini mimi na upande wangu.

Hakunifokea. Alinikumbusha sheria ya baba: anayesinzia hashiki bunduki, na akisinzia aliyeishika, mwenzake aichukue. Kwangu mimi, alisema, hata bunduki ya kunyang'anywa haikuwepo, nilikuwa nimepewa macho tu na yenyewe nimeyafumba. Lile liliniuma kuliko kufokewa.

Jioni aliniomba nimwonyeshe hiyo pampu. Akalifungua sanduku, akalifunga, akapitisha kidole kwenye kila ukingo kama anakagua mpaka wa shamba. Akauliza hewa ya mashine inaingilia wapi. Nikainama kumwonyesha, nikakuta matundu mawili tu, la bomba na la waya, yote yamebana. Nilikuwa nimeitengenezea mashine ya kupumulia sanduku lisilo na pumzi. Usiku kucha ilikuwa imehangaika kuvuta hewa isiyokuwepo, ikala betri yote. Fundi mzima, miaka ishirini na saba kazini. Kaka alichomeka msumari motoni na kutoboa matundu kumi na mawili kwenye ubao wangu, huku akicheka mpaka machozi, nami kila tundu nililisikia tumboni. Mganga hajigangi, alisema. Matundu yalikuwa mazuri, lakini betri ilikwisha kufa na barabara ilikuwa mbali.

Kwa hiyo usiku wa pili alinilaza ubavu, akanifunga begi mgongoni nisigeuke chali, akakaa pembeni na fimbo. Kila nikinyamaza, alinichoma. Nililala vipande vipande, lakini nililala. Kulipopambazuka alikuwa bado amekaa vilevile, macho mekundu, na aliponiambia amehesabu mpaka hesabu ikampotea, hakucheka.

Tukarudi mafichoni. Ilikuwa siku ya mwisho na sote wawili tulijua. Jua lilipoanza kupasha mgongo, kaka alisinzia, bunduki mapajani. Sheria ni sheria. Niliichukua taratibu, nikaiegemeza begani kwangu, nikamwacha apumzike. Nilijiambia mnyama akitokea nitamvuta ndewe ya sikio, kama baba alivyotuamsha sisi, bila sauti.

Kulungu akatokea. Dume, pembe nzuri, alikuja hatua tatu na kusimama, hatua tatu na kusimama. Akainamisha kichwa kwenye maji. Nikanyoosha mkono kwenye sikio la kaka.

Hapo ndipo niliposikia. Alikuwa akikoroma polepole tangu mwanzo, na sasa hakuwa akikoroma. Kifua kilikuwa kinapanda na hakuna kilichoingia. Nikahesabu, kwa mazoea ya fundi anayesubiri gundi ishike: kumi, kumi na tano, ishirini. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nilikuwa sijawahi kukisikia kitu hicho kutoka nje, nacho ni kimya kibaya, hakifanani na kimya kingine chochote. Nikamwogopea kaka yangu kuliko nilivyowahi kujiogopea mwenyewe. Thelathini.

Nilimshika mabega yote mawili nikamwita kwa sauti niliyokuwa nayo yote.

Maji yaliruka, matete yakavunjika, kulungu akaenda zake. Kaka alivuta pumzi kama mtu aliyetolewa kisimani. Aliangalia maji yaliyochafuka, akaangalia bunduki begani mwangu.

"Alikuja?"

"Alikuja."

"Ukamfukuza."

"Ulikuwa umenyamaza, kaka."

Nilidhani atanitukana, na alikuwa na haki. Badala yake alikaa akisugua magoti yake, akiitazama sehemu ile ambapo mnyama alikuwa amesimama.

"Mama alikuwa akimsukuma baba usiku," akasema. "Nilikuwa nasikia ukutani. Anamsukuma, mzee anashtuka, anaanza tena kukoroma. Mimi ndiye niliyemwambia aache, amwache mzee alale."

Nikatoa risasi kwenye bunduki, nikamrudishia ikiwa tupu. Aliipokea akailaza mapajani, bunduki ambayo haingepiga tena kitu. Tulipoinuka nilimshika kwapani kwa sababu ya magoti, naye, kwa mara ya kwanza, hakuukataa mkono wangu.

Tulikuwa tumekaribia hema aliposimama.

"Hiyo mashine yako," akasema, "inaumiza pua?"

"Wiki ya kwanza tu."