Gambuti za Thuranira Maktabani

Siku hiyo Thuranira hakushikika! Tangu Timau mpaka Meru mjini kila aliyekutana naye aliambiwa: binti yangu Kaari, wa kidato cha pili, ndiye atakayehutubia watu maktabani kuhusu saratani ya ngozi. Kaari ana ualbino, na wale wale waliozoea kumkodolea macho sokoni leo wangeketi kitako wamsikilize. Baba gani asingevimba kichwa?

Jambo moja tu hakulitangaza. Chini ya kisigino chake cha kushoto palikuwa na doa jeusi, na lilikuwa likipanuka. Mwenyewe aliliita sugu ya gambuti, akilichonga kwa wembe. Mkewe Nelius alipomhimiza aende hospitali, alimkata kauli: "Saratani ya ngozi ni ya wazungu na watoto kama Kaari. Mimi ngozi yangu ni ngumu!"

Maktaba ilifurika. Hata Bi Gacheri, mkutubi ambaye ukikohoa tu anakukata jicho, alipiga makofi Kaari aliposimama na kofia yake pana. Msichana akaeleza habari za jua na vidonda visivyopona, bila kubabaika. Thuranira akawa anawapiga majirani kumbo. "Huyo ni wangu! Mnasikia lakini?"

Ndipo Kaari akasema, "Nanyi wenye ngozi nyeusi msijidanganye. Kwenu saratani hii hupenda kujificha kwenye nyayo na chini ya kucha, hata pasipofika jua. Tafadhali, vueni viatu."

Lo! Soksi zilizotoboka, vicheko, na harufu, acha tu! Bi Gacheri alikimbilia madirisha. Daktari Awo, mtaalamu wa ngozi, akapita safu kwa safu akikagua nyayo. Thuranira peke yake akabaki na gambuti zake, jasho likimtoka.

"Mzee anaficha nini humo?" akachokoza Koome, muuza viazi. Watu wakaangua kicheko. Thuranira akainuka, aondoke zake.

Kaari akamwahi mlangoni. "Baba," akasema polepole, "mimi naangaliwa kila siku, nawe huniambia nisikimbie. Leo unaangaliwa wewe."

Thuranira akarudi kitini. Akaketi, na Kaari mwenyewe akamvua gambuti. Daktari Awo akainama juu ya kisigino kile kwa muda.

"Usilichonge tena," akasema. "Kesho njoo hospitali tukate kipande kidogo kipimwe. Siwezi kukuambia ni nini kabla ya majibu. Lakini umefanya vizuri sana kulionyesha leo."

Thuranira aliogopa, aliogopa kwelikweli. Akamtazama binti yake, kisha akauinua mguu juu kabisa mbele ya watu wote.

"Koome, sogea! Sogeeni nyote!" akapaza sauti. "Liangalieni vizuri, halafu nendeni nyumbani mkawavue baba zenu viatu!"