Chokaa ya Bwawa la Perege

Mwaka wa pili tangu wahamie kijiji kipya cha ujamaa karibu na Kiranjeranje, Kadija alikabidhiwa kulitunza bwawa la perege. Kila asubuhi alilitilia samadi ya mbuzi ili samaki wanenepe. Alipoona wanachelewa kukua, akazidisha.

Maji yakageuka kijani, yakawa mazito kama mlenda. Alfajiri moja aliwakuta perege wamejaa juu, vinywa wazi, wanatweta. Wengine walikuwa wameshakufa.

Dionis, bwana samaki wa tarafa, alikuja na baiskeli. Alichovya majini kikaratasi cha kupimia uchachu, akakitazama.

"Samadi imezidi, mama. Ndiyo inayolisha huo utando wa kijani, na usiku utando unawanyima samaki hewa. Acha kabisa. Utando uopoeni kwa vikapu, fungueni mfereji maji mapya yaingie. Tena udongo wa hapa unachachusha maji. Yanataka chokaa, kidogo kidogo."

"Chokaa tutaipata wapi?"

Wanakijiji waliokuwepo wakatazama chini. Kila mtu alijua chokaa iko kwa Likwata, aliyechoma matumbawe kule pwani ili apake nyumba yake. Likwata alikuwa mtalaka wa Kadija. Tangu waachane, hata kusalimiana hawakusalimiana.

Kadija alijitanda kanga, akaenda kupiga hodi. Likwata akatoka, akaduwaa.

"Baba Sada, samaki wanakufa. Nimewazidishia samadi mwenyewe. Naomba chokaa."

Likwata aligeuka, akautazama ukuta wake uliopakwa nusu.

"Itakuunguza mikono," alisema. "Nakuja nayo."

Walifanya kazi hadi adhuhuri, wanawake wakiopoa utando, Likwata akinyunyiza chokaa taratibu kandokando ya bwawa. Walipopumzika, Kadija alimpelekea maji ya kunywa.

"Sada hajambo huko kwa mumewe?" Likwata akamwulizia binti yao.

"Hajambo. Ni mjamzito."

Likwata hakuwa na habari. Aliketi pale pale kwenye tope.

"Kumbe nitaitwa babu!" akasema, akacheka peke yake.

Baada ya wiki kadhaa utando ulipungua, na mtu akitumbukiza mkono aliuona hadi kiwikoni. Perege waliobaki wakanenepa. Siku ya kuwavua, Kadija alimpelekea Likwata fungu lake.

"Mama Sada," akamwambia mlangoni, "huoni tungerudiana?"

"La," Kadija akajibu, bila hasira. "Ila Sada akijifungua, twende wote kumwona mtoto."

Likwata alipokea samaki kwa mikono miwili.

"Haya," akasema. "Twende wote."